Safari ya Soni, Futi Mfukoni

Trafiki wa Muheza alielekea dirisha la kulia, kama anavyofanya kwa kila gari, akamkuta Fundi amekaa na mfuko wa maandazi mapajani.

"Shikamoo mzee. Leseni."

"Marahaba mwanangu. Mimi abiria. Usukani uko huko."

Kijana akainama, akachungulia. Upande wa kushoto aliniona mimi, mwanamke wa miaka 61, ushungi kichwani na miwani puani, nimeshika usukani mwembamba wa Peugeot 404. Akalizunguka gari taratibu. Hakuwa anakagua, alikuwa anazunguka kama mtu azungukavyo ng'ombe mnadani. Aliporudi hakutaka tena leseni, alitaka hadithi.

"Mama, hii gari imetoka wapi?"

Nikamwambia imetoka Bujumbura, ndiyo maana usukani uko kushoto. Burundi wanapita kulia. Ilivuka Ziwa Tanganyika kwa meli, ikashushwa Kigoma, ikapandishwa behewa. Akauliza ni ya mwaka gani. Nikasema 1967. Akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

"Imemzidi baba yangu umri," akasema, akanirudishia leseni kwa mikono miwili.

Safari yetu haikuwa ndefu. Kutoka Tanga hadi Segera, kushika barabara kuu iendayo Moshi, kupita Korogwe hadi Mombo, halafu kukunja kulia na kuanza kuupanda mlima wa Usambara mpaka Soni: yote haifiki kilomita 170. Basi la alfajiri hufika watu wakiwa bado hawajanywa chai ya saa nne. Mimi na Fundi tulijipa siku nzima. Tulichukua madumu mawili ya maji, spana, koili ya akiba, feni belti mbili, maandazi ya jirani, na futi ya chuma ya kujikunja ambayo nimekuwa nayo tangu naanza kujenga. Futi hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Miezi miwili nyuma, mwanafunzi wangu wa zamani anayenunua viazi Lushoto alinitumia picha kwenye simu. Banda la mabati, kuku watatu, na nyuma ya kuku kioo cha gari chenye vumbi la miaka. Chini yake aliandika: "Mwalimu, hii siyo ile uliyokuwa unatuchorea ubaoni?"

Ilikuwa yenyewe. Renault 4.

Nimefundisha fizikia miaka 34, na kila kidato cha tatu kilipofika kwenye mada ya springi niliichora Renault 4, ingawa haimo katika muhtasari wa mwaka wowote. Gari hili lilitoka 1961. Pierre Dreyfus, aliyekuwa akiiongoza Renault, alitaka gari linalofanana na suruali ya jinzi, yaani lisilochagua pa kwenda: shambani, kanisani, sokoni, harusini. Mpaka uzalishaji unakwisha miaka ya 1990 walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni 8. Gia yake haiko sakafuni wala kwenye usukani. Inachomoza katikati ya dashibodi kama mpini wa mwavuli, unaivuta, unaisukuma, unaizungusha kidogo.

Lakini kituko chake kikubwa hakionekani mpaka upime. Umbali kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, upande mmoja, si sawa na upande wa pili. Zinapishana karibu sentimita 5. Si kosa la kiwanda. Springi zake za nyuma ni fimbo ndefu za chuma zilizolala chini ya gari, zikikingama kutoka ubavu hadi ubavu, na kila fimbo inalishika gurudumu lake kwa kujisokota. Fimbo mbili haziwezi kulala mahali pamoja. Basi moja ikalala mbele ya mwenzake, na kila gurudumu likaifuata fimbo yake. Lazima kuna siku mtu alisimama mbele ya ule mchoro wenye miguu isiyolingana, akaangalia, akasema: linakwenda vizuri, liacheni hivyo hivyo.

Mimi nampenda sana huyo mtu. Simjui, wala sitamjua, lakini nusu ya fedha niliyopata maishani nimeitumia kwa watu wa aina yake.

Kuendesha gari la usukani wa kushoto katika nchi inayopita kushoto ni kazi ya watu wawili. Nikiwa nyuma ya lori la mkonge sioni kitu ila makalio ya lori. Anayeona mbele ni aliyekaa kulia. Kwa hiyo Fundi hutoa kichwa dirishani na kuanza: "Bado... bado... kuna pikipiki... bado... haya!" Na neno *haya* likishatoka, sina ruhusa ya kufikiri. Marehemu mume wangu alikaa kiti hicho miaka 12, na katika ndoa yetu yote sidhani kama kuna mahali tuliaminiana kama pale nyuma ya malori ya Segera. Alilisema *haya* kwa sauti ileile aliyotumia kumaliza ugomvi.

Baada ya Muheza machungwa yamepangwa kando ya barabara kwa mafungu, na mbele kidogo reli ya zamani inajitokeza na kujificha katika majani. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga 1893, ikawachukua mpaka 1905 kufika Mombo. Miaka 12 kwa safari ambayo sisi, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa na vituo vya kupoza injini, tungeimaliza kabla ya swala ya adhuhuri. Nilimwambia Fundi hivyo ili ajisikie tuna kasi. Akasema, "Reli haina kabureta."

Baba yangu alikuwa karani wa shamba la mkonge huku huku, na Volkswagen yake ya 1960 tuliiita Kobe. Kobe haikuwa na geji ya mafuta. Karibu na miguu ya dereva kulikuwa na kitasa. Injini ikianza kukohoa kwa kiu, unakigeuza kwa ncha ya kiatu, na unapata lita chache za akiba za kukufikisha kwenye pampu. Baba alikigeuza kila mwezi, siku mbili tatu kabla ya mshahara. Mimi kalenda nilijifunza kwa kikohozi cha gari. Na miaka ile ya shida, serikali ilipopiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta, Baba aliiosha Kobe Jumapili mchana. Alivaa shati la kutokea, akaiosha mbele ya nyumba, akaingia, akakaa nyuma ya usukani na gazeti.

Renault niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka 12. Sista mmoja aliyetufundisha hesabu alikuwa nayo, ya kijivu, na wenzetu wa Kenya gari hili waliliita Renault Roho. Sisi tuliita tu gari la masista. Siku moja ya mvua ya masika alinipakia. Viti vyake vilikuwa vitambaa vilivyotandwa juu ya mabomba, kama vitanda vya kukunja, na gari lilipoingia kwenye mashimo liliyumba kama ngalawa bila kupiga chini. Alivuta mpini wa gia kutoka kwenye dashibodi, nami nikadhani ameing'oa. Nikapiga kelele. Alicheka mpaka akasimamisha gari. Kisha, akiwa Sista wa hesabu na hakuna mwingine wa kumsikiliza, akanieleza habari ya magurudumu yasiyolingana. Sikumwamini. Mtu mzima, tena mtawa, anawezaje kusema gari zima, jipya, limetoka kiwandani likiwa limekwenda upande? Nilitaka kupima. Mvua haikutuachia, na mwaka uliofuata alihamishwa.

Kwa hiyo nilikuwa nikielekea Soni kumaliza ubishi wa miaka 49.

Kuna watu wanaodhani mpenzi wa magari ya zamani anapenda uzamani. Nina jirani wa namna hiyo. Anapenda kila kitu kilichochakaa, hata redio isiyosema. Mimi uzee wa gari ni gharama tu, kama uzee wangu. Ninachopenda ni kwamba zamani kila kiwanda kilikuwa na jibu lake. Swali lilikuwa moja, la kuwapeleka watu wanne na mizigo yao bila kuwaua, lakini huyu aliweka injini nyuma na kuipoza kwa upepo, yule akaweka gia ukutani, mwingine akafunga feni kwa sumaku. Leo nikisimama kwenye maegesho ya soko la Tanga naona jibu moja jeupe limerudiwa mara mia. Sina ugomvi na Toyota. Ndizo zinazonivuta ninapokwama.

Na hayo majibu mengine yanapungua. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini; kwetu unaweza, lakini kodi ya uchakavu inakungoja bandarini. Magari ya ajabu tuliyonayo ni yale ambayo hayakuondoka. Unayapata kwa kuulizia misibani na kwa wauza viazi.

Gari la kwanza nililonunua kwa fedha yangu mwenyewe lililiwa na mchwa.

Nasema kweli. Lilikuwa Morris Minor Traveller, la mhasibu mstaafu aliyekuwa akihama. Morris Minor lenyewe lina kisa. Alec Issigonis, aliyelibuni, muda mfupi kabla halijatoka mwaka 1948 alilitazama akaliona jembamba mno. Akaagiza lipasuliwe katikati kwa urefu, vipande viwili vikasogezwa mbali mbali mpaka jicho lake likaridhika, na mwanya uliopatikana ulikuwa inchi 4. Angalia boneti ya Morris Minor yoyote: katikati kuna ukanda bapa, alama ya msumeno. Traveller lilikuja baadaye, 1953, na nyuma lilikuwa na fremu ya mbao. Mbao hizo hazikuwa pambo. Ndizo zilizobeba paa, vioo na milango. Kwao Uingereza adui wa mbao hizo ni unyevu, wanazipiga vanishi kila mwaka. Kwetu adui alitoka ardhini. Nililiegesha chini ya mwembe likizo ya Desemba nikaenda Pangani kwa mama. Nimerudi Januari, nikafungua mlango wa nyuma, mlango ukabaki mkononi. Ndani ya mbao mlikuwa na barabara zao, zimepangwa vizuri kuliko za mtaa wetu.

Mama aliposikia alikaa chini kwa kicheko. "Gari gani hilo mwanangu la kupigwa dawa ya mchwa?"

Ndipo nikamjua Fundi. Wengine wote waliniambia nikaliuze chuma chakavu. Yeye alilizunguka, akagonga mbao kwa kifundo cha kidole kama anayechagua nazi, akasema hapa panahitaji seremala, si fundi magari; akaniletea seremala wa majahazi kutoka Chongoleani. Tukaliendesha miaka sita tena, fremu ikiwa ya mvule. Mchwa hawakuligusa.

Pijo hii ya Bujumbura niliipata 1998, na ni Fundi aliyenishawishi. Yeye na 404 wana historia. Mwaka 1966 alikuwa kijana wa miaka 17, mshika spana katika gereji moja Dar es Salaam, Bert Shankland aliposhinda Safari Rally akiwa na Peugeot 404, pembeni yake Chris Rothwell. Shankland alikuwa mkazi wa Dar es Salaam. Hilo kwa Fundi ndilo la maana: si mgeni aliyeteremka na ndege na kuondoka na kombe, ni mtu uliyeweza kupishana naye barabarani. Anasema matokeo yaliposomwa redioni gereji nzima ilitupa spana chini. Mwaka uliofuata Shankland akashinda tena, kwa 404 vilevile. Kabla yake, 1963, na baada yake, 1968, mshindi alikuwa Nick Nowicki wa Kenya, naye kwa 404, na katika kila mmoja wa miaka hiyo miwili magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mengine yote yalibaki katika tope, mito na mashimo ya Afrika Mashariki. Ukimtajia Fundi kwamba 1965 Joginder Singh alishinda kwa Volvo, tena iliyokwisha kutumika, atakubali kwa heshima, kisha atanyamaza kama mtu aliyetajiwa timu nyingine.

Baada ya hapo, anasema, kila mwenye teksi alitaka Pijo. Na mafundi waliipenda kwa sababu nyingine: silivu zake zinachomoka. Injini ikichoka hutupi bloku, unachomoa silivu nne, unaweka mpya na pistoni zake, unaendelea na maisha. Gari hili limefunguliwa injini mara mbili mikononi mwangu, mara moja chini ya mkungu, kwa gaskit iliyokatwa kutoka kwenye boksi la sabuni.

Tulipita Hale, tukapita Korogwe bila kusimama, kwa sababu Fundi ana deni la mtu pale.

Mombo saa sita mchana ni sufuria. Tulisimama chini ya mti, tukaacha boneti wazi, tukala maandazi. Kutoka hapo barabara inaacha tambarare na kujipenyeza mlimani, upande mmoja jabali, upande mwingine bonde na mto, kona juu ya kona. Ni barabara nyembamba. Basi likija inabidi mmoja wenu awe na adabu. Kwa usukani wa kushoto nina faida moja: ninapopishana na basi nauona ukingo wa kushoto sawasawa, naweza kuhesabu majani yake. Hasara ni kwamba nauona.

Nilikuwa gia ya pili, nadhani kona ya kumi, mshale wa joto ulipoanza kupanda. Nikamwambia Fundi.

"Feni inalia?"

Tukasikiliza. Injini ilikuwa inavuma, lakini ule mvumo wa pili, wa chini, haukuwepo.

"Haijanasa," akasema. "Weka pembeni."

Hapa nieleze, maana ndicho kituko ninachokipenda kuliko vyote katika 404. Feni yake haizunguki wakati wote. Imeunganishwa na puli kwa sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, swichi iliyo mbele inapitisha umeme, sumaku inainasa feni, feni inazunguka. Maji yakipoa, umeme unakatika, feni inaachiwa na kujizungukia kivivu. Injini haipotezi nguvu kusukuma upepo usiohitajika. Mwaka 1960, gari hili lilipotoka, hiyo ilikuwa akili ya hali ya juu. Lakini umeme unafika kwenye sumaku kupitia kipande cha kaboni kidogo kama ncha ya penseli, kinachosuguana na puli siku zote, na kila kinachosugua kinakwisha. Cha kwangu kilikuwa kimekwisha mahali ambapo hakuna duka la spea kati yako na Mungu.

Hatukugusa kitu kwa dakika 40. Mtu anayefungua mfuniko wa rejeta inayochemka hufanya hivyo mara moja tu maishani. Basi likapita, likatupigia honi ya pole. Watoto wa shule wakatokea, sijui walitokea wapi, mlima ule haukuwa na nyumba, wakasimama mstari mmoja.

"Bibi, hii gari ya sinema?"

"Ya kwenda sokoni."

"Mbona ina masikio?" Walimaanisha mapezi ya nyuma, yale mabawa madogo ambayo Pininfarina aliyachora enzi ambazo kila gari lilitaka kuruka. Nikawaeleza kuhusu sumaku. Nadhani bado sijastaafu vizuri. Msichana mmoja aliuliza kwa nini wasingeacha tu feni izunguke muda wote, nami nikaanza jibu refu, Fundi akalikatiza akiwa ameingiza mkono mpaka begani kati ya rejeta na injini.

"Swali zuri sana hilo."

Alikuwa na spana ndogo. Kwenye kitovu cha feni kuna skrubu tatu za kurekebisha mwanya kati ya sumaku na bamba. Akazikaza moja moja, kwa zamu, mpaka feni na puli vikashikana kama ndugu. Akajaribu kuzungusha kwa mkono, ikagoma.

"Sasa itazunguka ipende isipende," akasema. Akajifuta kwa kanga yangu ya zamani. "Mwalimu, yule mzungu alitaka feni ipumzike. Huku hakuna kupumzika."

Tuliongeza maji, dumu zima na nusu. Tukapanda.

Soni ilitupokea na hewa nyingine kabisa. Maporomoko yalikuwa yanaonekana kutoka barabarani, maji yakianguka hatua kwa hatua juu ya mawe, na vijana wakatukimbilia na plamsi kwenye vikapu. Nikanunua kikapu kizima kwa furaha ya kuwa nimefika. Pijo tukaiacha mbele ya duka, tukapanda kwa miguu njia ya shambani, kati ya migomba na matuta ya viazi, nusu saa, Fundi akilalamika kwamba miguu yake haina silivu za kubadilisha.

Mwenye gari alikuwa mzee wa miaka 80 na ushee, mrefu, amevaa koti la sufu. Alitukaribisha kwa mpangilio: kwanza salamu, halafu habari za njia, halafu habari za mvua ya Tanga, halafu kimya kidogo, halafu ndipo akauliza kama tumekuja kwa ajili ya kile kitu. Akatupeleka bandani mwenyewe. Kuku walitoka kwa hasira.

Ilikuwa ya bluu, au iliwahi kuwa. Tairi zimelala, kiti cha nyuma kina majani makavu na mayai manne. Aliinunua kwa mapadre 1981 na kuiegesha 1996, kiungo cha mbele kilipokatika na kikakosekana. Nilifungua mlango, nikashika mpini wa gia pale kwenye dashibodi, nikauvuta. Ukaja, laini, kama vile Sista alikuwa ameuachia jana.

"Gari zuri sana," Mzee akasema. "Ila nisikufiche, Mwalimu. Ni kilema."

"Kilema vipi?"

Akashusha sauti na kutazama nyumbani. Mwaka 1984, akasema, shemeji yake aliliazima kupeleka harusi Bumbuli. Akalirudisha limeoshwa, jambo ambalo peke yake lilitia shaka. Miezi michache baadaye akalipeleka kwa fundi mmoja wa bondeni kunyoosha magurudumu. Fundi akapima, akasema: mzee, chesisi imepinda, gurudumu moja limerudi nyuma, gari hili limegonga kitu kikubwa. Shemeji akaapa hakugonga kitu. Akaapa kwa mama yake. "Tangu siku ile," Mzee akasema, "sijamwazima hata jembe."

Nilimtazama Fundi. Fundi alikuwa akitazama mabati ya paa.

Nikatoa futi. Nikamwomba Mzee ashike ncha katikati ya gurudumu la mbele, nikaivuta hadi la nyuma. Mita 2 na sentimita 40. Tukazunguka upande wa pili, tukawafukuza kuku tena. Mita 2 na sentimita 45. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Miaka 49, na Sista alikuwa sahihi.

"Umeona?" Mzee akasema, ameridhika. "Si nimekwambia alilikunja?"

Nikaokota kijiti, nikachuchumaa, nikachora kwenye vumbi la banda. Gurudumu hili, gurudumu lile. Fimbo hii, fimbo ile. Haziwezi kulala mahali pamoja, Mzee, kwa hiyo moja inalala mbele. Yote yaliyotoka kiwandani yako hivi, mamilioni. Aliinama na kuutazama mchoro bila kusema. Fundi akavua koti, akajilaza chali, akaingia chini ya gari na tochi ya simu. Tulisikia akigonga chuma, kimya, akigonga tena. Akatoka na utando wa buibui nyusini.

"Mzee," akasema, "hivi ndivyo lilivyozaliwa."

Mlangoni mwa banda alikuwa amesimama mke wa Mzee na trei ya chai. Sijui alisimama pale tangu lini, ila chai ilikuwa imeacha kutoa moshi. Shemeji anayesemwa ni mdogo wake, mtoto wa mama yake.

"Miaka arobaini na moja," akasema, akaiweka trei juu ya boneti.

Mzee akapapasa mifuko ya koti mpaka akaipata simu. Bandani hapakuwa na mtandao. Akatoka, akaanza kuupanda mteremko nyuma ya nyumba, polepole, fimbo mkononi, mpaka kwenye jiwe kubwa juu ya migomba ambapo, mkewe alituambia, mtandao hukamata ukisimama upande wa magharibi. Tulimwona akiinua simu juu, akiishusha sikioni, akiiinua tena.

Habari ya bei hatukuigusa siku ile. Mke wa Mzee alitumiminia chai, akavuta kigoda, akakiweka mahali ambapo angeweza kumwona mumewe vizuri.

"Hapokei," akasema. "Na mimi nisingepokea."